Uboho Ulioshtuka

Majibu ya uboho wangu ni kurasa mbili, Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Mimi nimemaliza kidato cha nne. Kiingereza nilipata C, baiolojia D. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani kwamba niliyoyafanya niliyafanya kwa kutojua kusoma. Niliyafanya kwa sababu najua kusoma.

Ilianza mtoto akiwa na miezi mitano. Kila siku ikifika saa kumi na moja jioni homa inaingia, kama mtu aliyeajiriwa. Asubuhi niko mzima, nakata majani ya ng'ombe, nafua. Jioni natetemeka na sweta mbili. Halafu yakaja madoa ya bluu mapajani na mikononi, mahali ambapo sikujigonga. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye kihamba kimoja, shamba la ukoo huku Uru, aliyaona nikimwogesha mtoto, akaniuliza kwa sauti ndogo kama mwanawe ananipiga. Nikamwambia mwanao anashinda akipandisha wazungu mlimani, saa ya kunipiga ataipata wapi.

Zahanati walipima malaria, hakuna. Wakasema taifodi. Nikameza dawa, homa ikaja. Wakasema UTI. Nikameza. Homa ikaja. Wakasema UTI sugu. Huku kwetu ukiugua kitu kisichojulikana unapewa UTI, ilimradi usirudi nyumbani mikono mitupu. Nilipokataa dozi ya nne, nesi aliniambia nina mdomo. Nikamwambia ndiyo, na ndio ninaomezea dawa zenu.

Hospitali kubwa mjini ndiko walikonipima damu kweli. Chembe nyeupe zimepungua, za kugandisha damu zimepungua, wiki hii zinapanda kidogo, wiki ijayo zinashuka. Walipima ini, figo, kifua. Walinipima Ukimwi mara mbili, mara zote wakaniambia niko salama. Mwisho daktari, kijana ambaye nadhani tunalingana umri, akasema tumezunguka sana, sasa twende damu inakotengenezwa. Tuchukue uboho.

Mimi uboho naujua kama chakula. Nilipojifungua, mama mkwe alinilisha mtori wa ndizi miezi mitatu, na kila sufuria ilikuwa na mfupa wa paja. Unaugonga mfupa kwenye ukingo wa bakuli, uboho unaponyoka, unaunyonya, na yeye amesimama hapo anahakikisha umeunyonya. Ndio unaoleta maziwa, alisema. Kwa hiyo daktari aliposema atachukua wangu, picha iliyonijia ni mimi nikigongwa kwenye bakuli.

Mama mkwe yeye alisikia uti wa mgongo. Nilimweleza mara tatu kwamba ni mfupa wa nyonga, si mgongo, akaitikia, kisha akawaambia majirani wote kwamba mkwewe anakwenda kuchomwa uti wa mgongo na huenda asitembee tena. Wakaanza kuja kuniaga.

Nilitembea. Nililazwa ubavu, nikachomwa ganzi, halafu sindano ikasukumwa mfupani kwa nguvu mpaka kitanda kikalia. Hiyo niliivumilia. Ila alipoanza kuvuta, nilihisi kitu kinanyonywa kutoka mahali ambapo sikujua kuwa mimi nipo. Sikupiga kelele. Nilimtukana, kimoyomoyo, yeye na sindano yake. Niliporudi nyumbani mama mkwe alikuwa ameshabandika mifupa jikoni. Wameutoa, alisema, basi tunarudisha.

Majibu yalichukua wiki tatu. Nilipigiwa simu siku ya Ijumaa nikayachukue, na nikayakuta kwenye bahasha. Mama wa dirishani akanionya nisifungue, nimpelekee daktari, na kliniki ya damu ni Jumanne. Ijumaa mpaka Jumanne. Wananipa bahasha yenye ndani yangu, halafu wananiambia nikae nayo siku nne kama ya mtu mwingine. Niliifungua kabla sijafika getini.

Maneno mengi sikuyajua. Marefu, ya Kigiriki sijui ya Kilatini. Macho yakashuka mpaka chini, penye hitimisho, na hapo nikaona neno ninalolijua: "reactive".

Nieleze nilivyolijua. Nilipokuwa na mimba tulikwenda kliniki mimi na mume wangu, kama wanavyotaka, tukapimwa Ukimwi wote wawili. Nesi akaniandikia kwenye kadi "non-reactive", akanionyesha kwa kalamu, akasema hilo ndilo neno la kuombea. Dada mmoja tuliyekaa naye benchi moja, kadi yake haikuwa na "non". Alitoka nje amejifunika kanga mpaka usoni, na sisi tuliobaki tukajifanya tunasoma mabango. Neno nililijifunza siku hiyo, kwenye benchi lile, na shuleni hawakunifundisha jingine.

Sasa liko kwenye karatasi yangu, na "non" haipo. Nilitafuta "non" mstari wa juu, mstari wa chini, nyuma ya karatasi. Mnaweza kuniuliza, si walishakupima mara mbili? Ndiyo. Lakini ile ilikuwa damu ya kidoleni na ya mkononi, damu ya juujuu. Hii wameifuata ndani ya mfupa. Nikasema basi kirusi kilikuwa kimejificha huko, na sasa wamekikuta. Iliingia akilini kabisa. Homa ikaingia akilini, madoa yakaingia akilini, kila kitu kilichokuwa hakina maana kikapata maana. Nilikaa kwenye ukuta wa maua nje ya geti nikihisi kama nafuu, Mungu anisamehe. Kisha nikamkumbuka mtoto. Miezi minane. Asubuhi ile nilikuwa nimemnyonyesha matiti yote mawili kabla ya kutoka.

Nilipofika nyumbani mtoto alinikimbilia kwa magoti. Nilimgeuza, nikamkabidhi kwa bibi yake. Nikasema hospitali wamenipa dawa, nisinyonyeshe. Mama mkwe akauliza dawa gani. Nikasema ya sindano. Akachemsha maziwa ya ng'ombe, akampa kwa kikombe, mtoto akayatema, akanitazama mimi.

Nilimpigia mume wangu. Alikuwa juu, siku ya tatu na wageni, na mtandao huko unakuja na kuondoka. Ulikuja. Sikumsalimia. Nilimuuliza ni nani, na ni lini, na kama anamjua mtoto wake ana miezi mingapi. Akasema, "Mama, unaongea nini? Niko na watu hapa." Nikamwambia watu hao awaambie kwamba ametuunguza mimi na mtoto. Mtandao ukaondoka, na sikujua umeondoka kabla au baada ya neno la mwisho.

Jumamosi matiti yalikuwa mawe. Anayenyonyesha anajua. Mtoto analia jikoni, na kila akilia maziwa yanatoka yenyewe yanalowesha blauzi, mwili hauulizi karatasi imesemaje. Nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba, nikainama nikaanza kuyakamua chini. Nilikuwa nimemaliza la kushoto niliposikia majani makavu.

"Unamwagilia migomba maziwa ya mjukuu wangu?"

Nikaendelea kukamua. Akasema hajawahi kuona dawa ya sindano inayomfanya mtu akamue huku analia. Akauliza karatasi ile inasema nini hasa. Nilikuwa nayo kiunoni, ndani ya kanga, sikuiacha popote siku zile. Nikamwonyesha neno. Hasomi Kiingereza, lakini aliinama akaliangalia kwa makini, herufi kwa herufi, kama anavyochagua mbegu.

"Linasemaje?"

"Linasema nina ugonjwa, mama. Wa mwanao."

Alikaa chini palepale, kwenye majani, na mama mkwe wangu ni mtu asiyekaa chini mchana. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa. Akasema, "Mtu aliyeandika hapa, yupo?" Nikamwambia yupo Jumanne. "Basi Jumanne tutakwenda wote akatusomee. Mpaka hapo usimtukane mwanangu, na mimi sitakutukana wewe." Akanyoosha mkono nimwinue.

Jumapili hatukwenda kanisani, wa kwanza kusema haendi alikuwa mama mkwe. Alimbeba mtoto siku nzima. Mtoto akaanza kukubali kikombe, na hilo liliniuma kuliko alipokuwa akikataa. Mume wangu alituma ujumbe mmoja: anashuka Jumatano, hajui amefanya nini, nisimnyime mtoto. Sikumjibu. Nilikuwa nimeusoma mara kumi nikitafuta mahali anapodanganya, na sikupaona, nikakasirika zaidi.

Jumanne tulitoka alfajiri. Mama mkwe alivaa gauni la Krismasi. Mtoto mgongoni kwake, na kwenye kikapu chupa ya chai iliyojaa mtori, mwepesi, wa kunywa. Tuliketi mpaka saa sita.

Daktari alipoona bahasha imefunguliwa alikunja uso. Alimwamkia mama mkwe shikamoo, kisha akaniuliza nani aliniruhusu kuisoma. Nikamwambia uboho ni wangu. Nikaweka kidole kwenye lile neno, nikamwambia asinizungushe, mimi nataka kujua kitu kimoja tu, nimemuua mtoto wangu au sijamuua.

Alitazama kidole, akatazama neno, akanitazama mimi. Niliona linamwingia polepole. Akaweka kalamu chini.

Alisema hapana. Sina virusi, hawakuvikuta damuni wala mahali pengine, na uboho hawaupimi kwa ajili hiyo. Neno ni hilohilo, kazi ni tofauti. Kwenye kadi ya kliniki linasema kipimo kimekubali. Hapa linasema uboho wenyewe unahangaika, unajibu kitu. Hawakuona saratani ya damu. Wameona kiwanda kiko wazi na wafanyakazi wako mbio.

Nikauliza wako mbio kwa sababu gani.

Akasema inaweza kuwa maambukizi fulani, inaweza kuwa mwili unajipiga wenyewe, inaweza kuwa hata zile dawa za UTI, inaweza kuwa kitu kilichopita na kuondoka. Hajui. Atapima vingine. Nilisubiri aendelee, na hakuendelea. Kumbe ndiyo hayo majibu. Sindano mfupani, wiki tatu, siku nne, na majibu ni kwamba kuna kitu.

Akaongeza kwamba hata ningekuwa na virusi, wasingeniambia nimnyime titi. Wangenipa dawa, na ningenyonyesha. Alilisema hilo kwa upole, na ndilo lililonitoa machozi ya hasira, kwa maana ingetosha kuambiwa hilo siku ya Ijumaa, na mtu yeyote, hata yule wa dirishani.

Nikamwambia aniandikie kwa Kiswahili. Hapo chini ya hitimisho, ili nikifika nyumbani nisome kitu kinachosomeka. Alicheka kidogo, akaona mimi sicheki, akachukua kalamu. Aliandika "uboho unajibu", akakata. Akaandika "uboho umechangamka", akakata. Daktari mzima, anatafuta neno moja la lugha ya mama yake, na foleni iko nje. Mwisho akaandika, akanigeuzia karatasi. Nikamsomea mama mkwe kwa sauti: "Uboho umeshtuka."

Mama mkwe akaitikia kwa kichwa. Hilo alilielewa, na lilimridhisha zaidi yangu. "Umeshtushwa na nini?"

"Ndicho tunachotafuta, bibi."

"Tafuta basi," alimwambia, kama anavyowaambia watoto wakipoteza jembe.

Tulikaa kwenye benchi la korido. Nikamchukua mtoto, nikafungua blauzi, watu wapite wasipite. Alilitazama titi kama mtu anayemkumbuka mdeni wake. Siku nne kwake ni nyingi. Alishika, akavuta, hakupata kitu, akaachia akalia, akanipiga kofi kifuani kwa kiganja kilichofunguka. Sawa, nilimwambia, nipige. Mama mkwe alikuwa ameshamimina mtori kwenye kifuniko cha chupa na kunisogezea mdomoni, maana mikono yangu ilikuwa na kazi.

"Kunywa," alisema. "Mwenzio anavuta na wewe humo ndani umeshtuka."

Nikanywa. Mtoto akashika tena. Safari hii yalikuja, kidogo, upande wa kulia tu, na akatulia, jicho moja kwangu, hana imani. Nikampigia mume wangu hapohapo, mtandao ukakubali. Nilimwomba radhi kwa ukali, ndivyo ninavyoomba kila kitu. Akauliza kama mtoto ananyonya. Nikasema ananyonya. Akauliza sasa ninaumwa nini.

Nilikuwa na karatasi mapajani, na mwandiko wa daktari na makato yake mawili. Nikamwambia sijui. Nikamwambia ashuke tu.

Tulifika nyumbani saa kumi na nusu. Nikafunga ng'ombe, nikatoa sweta mbili kwenye kamba, nikakaa na mtoto kifuani kuingoja homa.