Mama Aliyenipa Mgongo Nambambo

Ukitaka kucheka, cheka. Pale kwenye kibanda changu wameshacheka mpaka wamechoka, na wengine wanasema jua lilinipanda kichwani. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu mawili, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu. Sinywi, sivuti. Na bora ningekuwa mlevi, maana ningepata pa kusingizia.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Nilifanya kazi Ruangwa miaka mingi, mpaka mafundi tukawa wengi kuliko madirisha yenyewe. Rafiki yangu akanipigia simu kwamba Nachingwea kuna kibanda kiko wazi, niende. Nikakubali. Ikabaki kazi moja tu, kutafuta mtaa wa kuhamishia mke na watoto.

Ugomvi ulianzia hapo. Mke wangu, Mwanahawa, alitaka mtaa wa Nambambo na hakutaka kusikia kwingine. Mama yake alifariki yeye akiwa hajaanza hata shule, akazikwa huko Nambambo, na yeye akachukuliwa na bibi yake akalelewa Mbwemkuru. Hata sura ya mama yake haikumbuki. Jioni moja aliniambia, "Nataka watoto wakue wakijua bibi yao amelala wapi. Sikuombi kingine." Na kweli hakuomba kingine. Tangu nimuoe hajawahi kuniomba hata kitenge.

Mimi sikutaka. Nikwambie ukweli, niliwaogopa ndugu zake. Niliwaza kwamba kwa vyovyote Nambambo wamejaa, na wakisikia mkwe wao fundi amehamia, kila jioni sufuria ikiiva utasikia hodi mlangoni. Nilikwenda Nachingwea kutafuta nyumba huku moyoni nimeshaamua kwamba popote, ila Nambambo hapana.

Dalali niliyempata alikuwa na maneno mengi. Akanionyesha nyumba karibu na soko, akanionyesha nyingine karibu na stendi, kisha bila mimi kumwomba akanipeleka Nambambo. Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri jamani. Matofali ya kuchoma, bati jipya, ua wa nyasi umezunguka vizuri, na kwa nyuma mikorosho. Akaniacha uani nikiwa na mfuko wangu wa machungwa, yeye akaenda kwa mwenye nyumba kufuata funguo.

Jua lilikuwa kali. Nikakaa kwenye gogo, nikasikia mtu anakohoa upande wa nyuma. Ua ulikuwa na pengo pale mikorosho inapoanzia, na nilipochungulia nikamwona mama mmoja amechuchumaa upande wa pili, kanga kichwani, amenipa mgongo. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, bila kugeuka. Nikamwomba maji. Akainuka akaenda, akarudi na kata ya kibuyu, na niamini, alikuja kinyumenyume. Akaiweka chini kwenye pengo, akasogea mbali, akachuchumaa tena vilevile, ndipo akasema karibu.

Ungekuwa wewe ungefikiria nini? Mimi nilifikiria dharau. Nikasema moyoni, ndiyo maana sitaki Nambambo, watu wenyewe ndio hawa.

Maji yalikuwa ya baridi. Nikanywa nikashiba, halafu nikavua shati, yaliyobaki nikajimwagia kifuani nikajisugua makwapa palepale, mama wa watu yuko karibu ananisikia. Nikakaa hivyohivyo, kifua wazi, kitambi nje. Likumbuke hilo shati.

Akaniuliza kama natafuta nyumba, nikasema ndiyo. Akaniuliza mke wangu ni wa wapi. Basi mdomo ukafunguka. Si unajua ilivyo rahisi kumwambia mambo mtu ambaye hutamwona tena? Nikamweleza yote. Kwamba mwanamke anataka huku kwa sababu ya kaburi, na mimi sikuoa kaburi. Kwamba sitaki kulisha ukoo wa mtu. Nikaongeza kwamba nimeoa mtoto asiye na mama nikidhani nimeepuka mambo ya ukweni, kumbe hata marehemu wanasumbua. Nikacheka mwenyewe. Yeye hakucheka.

Kisha akauliza, "Huyo mkeo, bado anaogopa radi?"

Nikamjibu anaogopa sana, mvua ikianza ananifinya mpaka naamka na alama. Nilijibu tu bila kuwaza, hata bodaboda ikipita ningeijali zaidi. Sikujiuliza kajuaje.

"Mlete tu, baba," akasema. "Sisi tuliobaki huku hatuli chakula cha mtu."

Nikamwambia kwamba haitawezekana, nitakwenda kumwambia mke wangu Nambambo hakuna nyumba, yaishe. Mimi nikatoa chungwa kwenye mfuko nikamnyooshea kupitia pengo, kumshukuru kwa maji. Hakunyoosha mkono. Akasema niliweke chini, atalichukua. Nikaliweka nikiwa nimeudhika. Halafu akaniambia, kwa upole kabisa, "Vaa shati, baba. Mwenzio anakuja."

Kweli, dalali akatokea na funguo. Nilipogeuka tena kwenye pengo, mama hayupo. Sikujali.

Nikachukua nyumba ya karibu na stendi. Nikarudi Ruangwa nikamwambia mke wangu kwamba Nambambo sikufika hata kufika, dalali amesema nyumba zimekwisha. Akaniangalia, akasema sawa, akaingia ndani kufunga vyombo. Sawa ile ilinikaa vibaya kidogo, lakini nikapitisha.

Siku ya kuhama Fuso imeshapakiwa, Bibi akafika kutoka Mbwemkuru kuja kutuaga. Huyu ndiye aliyemlea Mwanahawa, mama mzazi wa mama yake. Mimi na Bibi ni watani, ananiita mume wangu, namwita mke mkubwa, tukikutana ni vicheko tu. Nikataka kumchekesha. Nikaanza, "Mke mkubwa, huko tunakokwenda kuna wanawake wana dharau." Nikamsimulia habari za mama aliyenipa mgongo kule Nambambo. Nikaigiza alivyokuja kinyumenyume na kata. Nikaigiza nilivyovua shati nikajisugua. Yale niliyomsema mke wangu niliyaruka, lakini mengine yote niliyamwaga, na katika kunogewa nikasahau kwamba nilishasema huko sijafika.

Bibi alicheka mwanzoni. Halafu akaacha.

"Maji alikupa mkononi au aliweka chini?"

Nikasema chini. Na chungwa? Chini pia. Akaniuliza uso wake nimeuona, nikasema hapana. Akaniuliza nyumba yenyewe ikoje, nikamweleza matofali, ua, pengo la nyuma. Ndipo akaniambia, na hakuniita mume wangu, "Baba, mwanamke gani kwetu anamfanyia mwanamume hivyo?"

Jibu lake kwetu hata mtoto analijua. Mama mkwe, nani mwingine? Mama mkwe hakutazami usoni, hakupi kitu mkononi, jina lako halitaji. Na wewe hukai mbele yake kifua wazi hata kama nyumba inaungua.

"Nyuma ya ua ule haishi mtu," Bibi akasema. "Ile ni mikorosho yetu. Mwanangu nilimzika pale. Ndugu wengine wa Nambambo walishakwisha wote."

Nikajiona nipo pale kwenye gogo na kitambi changu, najisugua makwapa, nasema sikuoa kaburi. Aibu niliyoisikia sijui niipime kwa kitu gani. Nikakaa chini mbele ya wapagazi.

Mwanahawa alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya vijiko. Alisikia yote. Hakulia, hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Kwa hiyo Nambambo ulifika?"

Mpaka leo sijamjibu.

Tulipoingia Nachingwea, Fuso haikwenda stendi kwanza, Bibi, aliyepanda nasi, aliiamuru iende Nambambo. Nyumba ile ilikuwa imeshachukuliwa. Wamo wafugaji waliotoka kanda ya ziwa, mama wa nyumba anaitwa Mama Kulwa, na njia ya kwenda mikoroshoni ni kupitia uani kwake. Tukapiga hodi, akatukaribisha. Katikati ya kaburi, pamefagiliwa, kulikuwa na chungwa limekauka, halijamenywa. Mwanahawa akakaa chini kando yake. Mimi nilibaki mbali, nimefunga vifungo vya shati mpaka shingoni, nimegeuka upande wa pili. Bibi akanituma dukani nilete kanga mpya, nikaiweka chini bila kutazama, nikaomba radhi nikiwa nimewapa mgongo wote. Kama mama mkwe amenisamehe sijui.

Ungedhani yameishia hapo. Safari ya pili tulipokwenda, Mama Kulwa akamwambia mke wangu kwamba amefurahi kupata jirani, yule mama wa nyuma. Kwamba asubuhi akitoa ng'ombe huwa wanasalimiana pale penye pengo na kuongea, mama mcheshi, anamtazama usoni, ana mwanya kama wa Mwanahawa. Mgeni wa watu hana hili wala lile, anadhani ni jirani kama majirani wengine. Hatukuwa na ujasiri wa kumwambia.

Basi sasa ndiyo maisha yetu. Tunaishi karibu na stendi, na kila Ijumaa mke wangu anavuka mji na watoto, anapiga hodi kwenye nyumba ambayo ingekuwa yake, anakaa kwenye mkeka wa mtu mwingine na kumuuliza mgeni sura ya mama yake ikoje. Amekwenda asubuhi, amekwenda saa saba, amekaa penye pengo mpaka jua limezama. Hajamwona hata mara moja. Akirudi ananiuliza mimi, maana mimi nilikaa naye, nilisikia sauti yake, nilikunywa maji yake. Na mimi nitamwambia nini? Nilimwona mgongo.

Shati silivui tena, hata uani kwangu, hata joto likiwaje. Watoto wananicheka, mafundi wenzangu wanauliza kama nina ugonjwa wa ngozi. Waulize tu.

Na wewe unayezunguka na dalali kutafuta pa kuweka watoto wako, sikia. Ukimkuta mama amekupa mgongo, usikimbilie kusema ni dharau. Vaa shati lako, chunga mdomo wako, na ukirudi nyumbani mwambie mkeo kila ulipofika.