Kipande cha kitenge kwenye jiwe la kisiwani

Hili sijamwambia mtu: nilipoenda kisiwani kwa bibi, nilifunga kipande cha kitenge kwenye lile jiwe.

Ni jiwe refu kuliko mtu, lilisimamishwa na watu wa kale ambao hakuna anayewajua. Limejaa vitambaa, nikadhani kila mtu huomba lake. Nikaomba nichaguliwe kidato cha tano.

Leo bibi katua dukani kwetu Kariakoo. Hata shikamoo yangu hakuiitikia.

"Nani kafunga kitenge cha hapa dukani kule kwenye jiwe? Nimekitambua!"

"Kwani kuna ubaya, mama?" mama akauliza.

"Ubaya wa nini? Si hufunga wanaotafuta mtoto!"

Jamani.

Nilikuwa nakunja vitenge. Nikakunja kimoja, nikakikunjua, nikakikunja tena. Mama akinishuku nina mwanaume, shule ndiyo basi.

Wifi Rehema, mke wa kaka yangu, ambaye tulienda naye kisiwani, hajajaliwa mtoto, na huwa anaondoka kabisa mtu akiyagusa hayo. Leo hakuondoka. Akaitazama mikono yangu.

"Ni mimi, bibi," wifi akasema.

Bibi akamkumbatia, akamwombea dua palepale mbele ya wateja. Wifi anaitikia amina huku machozi yanamtoka, na hakuwa anaigiza.

Tangu saa ile situlii. Nikimsogelea nimshukuru, ananiambia, "Hebu kamsikilize mteja."

Nyie mngemwambia nini?

Ila nawaombeni, isifike kwa bibi. Ile dua wifi ameipokea kweli.