Vidole vya Mpika Chapati

Mpika chapati wetu wa Katoro hana mwiko na hautaki. Chapati anaigeuza kwa vidole vitatu juu ya kikaango cha moto, halafu anavipangusa kwenye kitenge kwa maringo, utadhani bibi harusi anaonyesha pete. Alipoanzishiwa vidonge vya kupunguza lehemu, yale mafuta ya kwenye damu, vidole vikaanza kufa ganzi, naye akadhani umahiri umeongezeka. Akawa anavilaza kikaangoni mpaka wateja wake, wachimbaji wa dhahabu, wanashangilia: “Mayu, mama yetu, wewe ni mashine!” Siku moja akanusa hewa, akafoka, “Nani anachoma nyama kwangu?” Kumbe ni kidole chake. Vidonge hakuvitupa, alikwenda navyo hospitali. “Daktari, moyo nitunzie, lakini vidole nirudishie, ndivyo vinavyonilisha.” Daktari akasema huenda ni dawa, huenda ni kingine, akampima, akambadilishia. Leo asubuhi, wiki kadhaa baadaye, kageuza chapati mbele ya foleni nzima, karuka: “Uwiii!” Chapati ikaangukia majivuni. Yeye akainua juu kile kidole chekundu, akatutazama mmoja mmoja. “Kimesikia moto! Haya, sasa ndiyo mpige makofi.”