Homa ya Ng'ombe wa Mahari

Ng'ombe wa mahari yangu alipanda mlima kwa miguu yake mwenyewe, kutoka Magoma kule nyikani mpaka kwetu Gare, na siku aliyofika niliwaacha wanafunzi wangu wakiimba jedwali la saba nikatoka mbio kwenda kumwona. Nilikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi, mtu mzima na cheti chake, na bado niliruka mfereji kama mtoto. Alikuwa jike mwekundu, ana doa jeupe kwenye paji la uso, manyoya yanang'aa. Mchumba wangu, naye mwalimu huko Magoma, alikuwa amesimama pembeni akijifanya hanioni, maana wazee walikuwepo. Nilimpenda yule ng'ombe papo hapo. Mchumba nilikuwa nimeshampenda tangu chuo cha ualimu.

Kwetu ng'ombe wa mahari hapokelewi na mtu mmoja. Lazima mzee wa upande wa mke na mzee wa upande wa mume wamkague pamoja, bega kwa bega: meno, kwato, chuchu, macho. Upande wetu, upande wa mke, alikuwa baba mkubwa, maana baba yangu alifariki nikiwa mdogo na yeye ndiye aliyenilea na kunisomesha. Alikuwa mtu wa sauti kubwa na roho ya haraka, na watu husema mimi nimerithi vyote viwili. Upande wa pili alikuja baba mdogo wa mchumba wangu, mzee mpole mwenye kofia ya ukili. Walimzunguka ng'ombe, wakambinyabinya, wakapeana mikono. Mama akaja na chungu cha maziwa, tukanywa wote.

Kuna jambo moja ambalo hakuna aliyelitaja siku ile, kwa sababu sisi watu wa mlimani tulilijua wote, na wote tulilijua vibaya. Tuliamini baridi yetu. Mnyama wa nyikani akipanda huku, wazee walisema, magonjwa ya kule yanamtoka njiani, yanabaki kwenye kijito cha kwanza chenye maji ya barafu. Basi hakuna aliyeuliza habari za sindano. Tulimfunga ndani, kama tunavyofunga ng'ombe wetu, tukamkatia majani, tukaiachia baridi ya mwezi wa saba ifanye kazi yake.

Baridi ilifanya kazi kweli, ila si ile tuliyoitegemea. Haukupita muda mrefu manyoya yakasimama, mbavu zikaanza kuonekana, maziwa yakapungua mpaka mama akawa anakamua kwa aibu. Siku nyingine anasimama vizuri, anakula, tunashangilia. Siku nyingine kichwa chini, machozi yanamtoka, hataki hata majani ya mgomba. Baba mkubwa alikuja, akatazama, akapandwa na hasira.

"Wametufanya wajinga!" alisema. "Wamempaka mafuta ng'ombe mgonjwa wakatuletea. Arudi kwao."

Ng'ombe wa mahari akirudi, maana yake inajulikana hata kwa mtoto. Si kwamba bibi arusi anabaki mlimani na mume nyikani wakiandikiana salamu. Mambo yamekwisha.

"Baba, ng'ombe anaumwa, hajakutukana," nilimwambia.

"Mwalimu, nyamaza," alisema. Akinikasirikia alikuwa haniiti mwanangu.

Sikunyamaza. Nilikwenda Lushoto mjini kwa bwana mifugo, kijana mwembamba aliyekuwa akihudumia ng'ombe wa ujamaa wa vijiji vyetu kwa pikipiki iliyokuwa ikilia kama inaomba msamaha. Akaja, akachoma mshipa wa sikio, akachukua tone la damu kwenye kipande cha kioo, akaondoka nalo. Jibu lilikuja: hakuonekana mdudu. Baba mkubwa alilitangaza jibu hilo kilabuni, sokoni na nje ya kanisa baada ya misa. Damu safi! Basi si ugonjwa, ni ng'ombe mzee aliyechoka, wametuonea. Akatuma ujumbe Magoma kwamba waje wamchukue, na akataja siku.

Mimi nilirudi kwa bwana mifugo nikiwa nimefura. Nilimuuliza inakuwaje mnyama anakufa mbele ya macho yetu na damu yake haina kitu. Hakukasirika. Alivuta kiti, akaanza kunieleza, na nawaambieni ukweli, nilisahau hasira, nikasahau hata kwamba nilikuwa sijala.

Alisema anashuku ugonjwa wa ndorobo. Mbung'o wa vichakani kule chini humuuma ng'ombe, na kwa mate yake humwachia vijidudu ambavyo jicho haliwezi kuviona. Vinaingia kwenye damu, vinaongezeka, homa inapanda. Mwili haulali: unaunda askari wanaolijua koti la vijidudu vile, wanavisaka, wanaviua, homa inashuka. Ukipima damu siku hiyo, unaweza usikute hata kimoja. Lakini vichache vimeshabadili koti. Askari wanapita karibu navyo hawavitambui. Navyo vinazaana tena, homa inapanda tena, askari wanajifunza koti jipya, na vichache vinabadili tena.

"Mpaka lini?" niliuliza.

"Mpaka mmoja achoke. Mara nyingi ni ng'ombe."

Nilisimama. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Wahuni gani hawa! Nilikuwa nafundisha habari za mizizi na mbegu za maharage, na kumbe ndani ya yule jike mwekundu kulikuwa na vita na ujanja wa namna hii. Nikamuuliza mbona kule Magoma aling'aa. Akasema ng'ombe anayekula vizuri na asiyesumbuliwa anaweza kukaa navyo muda mrefu asionyeshe lolote. Kisha unampandisha mlima kwa miguu, unamwingiza kwenye baridi, unambadilishia majani, nguvu zinakwisha, vijidudu vinapata nafasi.

"Kwa hiyo hawakutudanganya," nilisema.

"Hawakujua. Lakini mimi siwezi kumwambia mzee wako hivyo kwa kinywa kitupu. Nileteeni habari siku homa iko juu, siyo kesho yake."

Mama ndiye aliyekuwa kipimo chetu. Hakuwa na kifaa, alikuwa na viganja, na kila asubuhi alishika masikio ya ng'ombe kabla hajawasha moto. Siku zikapita masikio yakiwa ya baridi, na mimi nikawa natamani homa ije, jambo ambalo ni la ajabu kulitamani kwa mnyama unayempenda. Ikaja siku ile ile aliyoitaja baba mkubwa, ya ng'ombe kuchukuliwa. Mama alinigonga mlangoni: "Amka. Masikio yanawaka."

Sikumbuki njia ya kwenda Lushoto. Nakumbuka viatu mkononi, na wauza kabeji wakiniuliza nani amekufa. Nilimkuta bwana mifugo anakunywa chai, nikamwambia aiache. Akafunga hadubini kwenye sanduku lake la mbao, akanipakia nyuma, sanduku nikalipakata kama mtoto mchanga. Baba mkubwa alikuwa amewahi kusema mwanamke juu ya pikipiki ni aibu ya ukoo. Kila kona nilipiga kelele, na zote zilikuwa za furaha.

Tulipofika, wazee wawili walikuwa wamesimama uani bila kutazamana. Mchumba wangu alikuwa ameshika kamba ya ng'ombe, uso umemshuka. Walikuwa wanaondoka.

"Shikamooni," nilisema huku nikihema. "Ng'ombe haondoki kabla hajakaguliwa."

"Alishakaguliwa," alisema baba mkubwa.

"Nje, Baba. Ndani bado. Na sheria ni wazee wawili, bega kwa bega."

Baba mdogo wa mchumba akainua macho. "Hilo ni neno, mgosi," alimwambia baba mkubwa, akimwita kwa heshima ya Kishambaa. "Hata mimi nataka kujua nilileta nini."

Bwana mifugo akaweka meza katikati ya ua, akachukua tone la damu, akalifunika kwa kioo chembamba, akageuza kile kioo cha chini kinachokamata mwanga wa jua. Na hapo ndipo ukungu ukashuka kutoka kilele cha Magamba. Ulishuka mzima, mweupe, ukafunika migomba, ukafunika paa, hadubini ikawa giza tupu. Bwana mifugo akasema tone likikauka, hakuna kitakachotikisika, itabidi achukue jingine, na ng'ombe ameshachoka kuchomwa. Baba mkubwa akaanza kufunga vifungo vya koti lake kama mtu aliyemaliza mkutano. Nilipandwa na wazimu. Nilisimama katikati ya ua nikaugombeza ukungu kwa Kishambaa, maneno ambayo mwalimu hasemi mbele ya wakwe. Mama alijifunika mdomo kwa kanga. Mchumba wangu alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka siku hiyo.

Ukungu ukapasuka. Jua likaingia uani, bwana mifugo akainama, akazungusha, akazungusha tena, akatulia. Akanivuta mkono.

Niliona duara la mwanga lililojaa chembe za damu, za mviringo, zimetulia. Halafu chembe zikasukumwa. Kitu chembamba kilipita katikati yake, kinajipindapinda kama kiluwiluwi kwenye dimbwi, kikazigonga, kikageuka, kikaenda zake. Kikaja kingine. Nilipiga yowe. Vilikuwa hai! Vilikuwa na haraka kuliko mimi! Niliona kwa macho yangu kile kilichotaka kuninyima mume, na sikuweza kukichukia, nilikuwa nimefurahi mno.

Baba mkubwa aliinama, akasema haoni kitu isipokuwa nyasi. Zilikuwa kope zake mwenyewe. Bwana mifugo akamweka sawa, na mzee mwenzake akasubiri begani kwake. Baba mkubwa alikaa pale muda mrefu, mdomo wazi, kisha bila kuinuka akanyoosha mkono nyuma akashika kanzu ya mwenzake.

"Mgosi, njoo uone. Wanatembea."

Wakatazama kwa zamu, wakanyang'anyana kiti, na walipomaliza walikuwa wanatazamana usoni. Bwana mifugo akatoa dawa ya unga wa njano, akaichanganya na maji ikawa kama rojo la bizari, akamdunga ng'ombe. Alionya kwamba vijidudu vingine hujificha ndani ya mwili mahali dawa haivifikii vizuri, kwa hiyo homa inaweza kurudi.

Baba mkubwa hakuwa mtu wa kusema amekosea. Alikohoa. "Ng'ombe ni wetu," alisema. "Ugonjwa ni wenu. Lakini homa ikirudi hata mara moja, ng'ombe anashuka, na sitaki tena kuonyeshwa vioo."

Jike mwekundu akanenepa. Maziwa yakarudi, manyoya yakalala, tangazo la ndoa likasomwa kanisani. Nikashona gauni, na sista mmoja wa misheni akaniazima glavu nyeupe, akanisisitizia nizirudishe kama zilivyo.

Asubuhi ya arusi, wanawake wakinisuka, mama aliingia akanong'ona sikioni kwangu: masikio yanawaka. Nikamuuliza nani anajua. Akasema baba mkubwa alipita bandani alfajiri, akamshika ng'ombe mwenyewe, akatoka bila salamu akielekea njia ya Lushoto, amevaa suti.

Nilikaa nimeganda kwenye kigoda. Wageni kutoka Magoma walikuwa wamelala mjini; ndiko alikokwenda, kuwaambia wasipande. Wanawake waliendelea kuimba. Nilisikia pikipiki ikilia kwa mbali upande wa bandani nisiijali, nilikuwa nafikiria koti. Vimebadili koti. Kengele ya kanisa ikalia, mwenye kunishika mkono hayupo, na mama hakuthubutu kunitazama.

Kisha akaingia. Suti ilikuwa na vumbi, nywele zimesimama kwa upepo, na alikuwa anahema.

"Twende, mwanangu. Padri hangoji mtu."

Akanishika mkono. Nikaona vidole vyake, vyote vitano, vya njano mpaka kwenye kucha.

"Baba, vidole vimefanya nini?"

Alivitazama kama vile si vyake. "Bizari," alisema. "Nilikuwa nasaidia jikoni."

Mtu yule hakuwa amewahi kuingia jikoni maisha yake yote. Nikavishika vidole vyake kwa nguvu, nikaingia navyo kanisani, na glavu ya sista haikutakata tena.