Mama Bwire na Mkaguzi wa Nyumba

Nilikuwa nimeshauliza njia mara tatu tangu nivuke Barabara ya Jogoo, na kila aliyenielekeza aliniambia nitafute lango la bluu. Mtaa mzima ulikuwa na malango ya bluu. Nyumba zile zilijengwa kwa ramani moja, lakini miaka arobaini ya mafundi wa mtaani imezifanya zisifanane hata mbili: hii imetokezwa mbele ikawa duka, ile imepandishwa orofa, nyingine imesukuma jiko hadi ukingoni mwa njia. Nilipofika kwenye lango lililokuwa langu, mwanamke wa miaka sitini na kitu alilifungua kabla sijabisha, akanivuta ndani kwa mkanda wa begi.

"Wewe ndiye mpangaji wa mwezi mmoja?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, mama."

"Marahaba baadaye. Pita chumba cha nyuma, vua viatu, lala. Mtu akiuliza, una malaria."

"Lakini sina..."

"Utakuwa nayo saa moja tu. Haitakuua."

Huyo ndiye Asenath Nabalayo, ambaye majirani humwita Mama Bwire kwa jina la kifungua mimba wake. Maisha yake niliyajua baadaye, kipande kwa kipande. Alikuja Nairobi mwaka wa 1983 kutoka Bungoma, akalala sakafuni kwa kaka yake aliyefanya kazi ya reli pale Makongeni. Akapata kibarua cha kufunga peremende kiwandani, akaolewa na Patrobas, karani mpole wa Funyula, wakainunua nyumba hii kwa mkopo uliowazeesha. Kiwanda kilipofungwa alihamia Gikomba kuuza mapazia ya mitumba, na kwa faida ya mapazia akajenga chumba hiki cha nyuma, saruji akiichanganya mwenyewe. Kodi ya chumba ilisomesha watoto wanne.

Patrobas alikufa, akazikwa kwao. Sasa shemeji yake, Dishon, alikuwa amepata mtu wa kununua kipande cha shamba chenye kaburi lile. Alimpa Mama Bwire hadi mwisho wa mwezi: alete pesa yeye, ama mgeni alime hapo. Ndiyo maana nyumba ilikuwa inauzwa, na ndiyo maana mimi nilikuwa mgonjwa.

Mnunuzi wa nyumba aliingia dakika kumi baada yangu. Aliitwa Teresiah, mwenye kibanda cha viatu sokoni, na alikuwa amemlipa mkaguzi aje naye.

"Niliwahi kununua nyumba kwa sura," nilimsikia akisema sebuleni. "Rangi mpya, vigae vipya. Mvua ya kwanza, ukuta ukapasuka hadi nikamwona jirani akioga. Safari hii nimekuja na macho ya kukodi."

Macho hayo yalikuwa ya Muturi, kijana mwembamba mwenye tochi, utepe wa kupimia na nyundo ndogo. Aligonga vigae kimoja kimoja akisikiliza. Alifungua sanduku la stima. Alipanda darini, akashuka na utando wa buibui kichwani. Alipima kutoka jiwe la mpaka hadi ukuta, akapima tena. Kisha akasimama mbele ya ukuta wa sebule uliong'aa kuliko kuta zingine zote.

"Hii rangi ni ya lini, mama?"

"Ya Krismasi."

Muturi aligusa ukuta; kidole alichokuja kutuonyesha baadaye kilikuwa kijani kwa rangi mbichi. "Krismasi ya mwaka huu haijafika," alimjibu. "Ukuta huu unanyonya maji kutoka chini. Ungeuacha hivyo ulivyo ningeandika unyevu. Sasa naandika unyevu uliofichwa."

Mama Bwire alikuwa anamfuata nyuma kama mwenye duka anayemshuku mteja. "Wewe injinia, umetumwa kuiona nyumba ama kuivua nguo?"

"Kuiona tu. Nguo umeivalisha wewe."

"Kunywa chai basi, midomo ipoe."

"Chai nitakunywa kwangu. Anayenilipa ni huyu."

Wakaingia chumbani kwangu wote watatu. Muturi alikunjua mchoro wa zamani wa mtaa, akaugeuza, akaangalia dirisha, akanyoosha kidole kwenye kitanda.

"Bomba la majitaka linapita hapa. Shimo la tatu la kulizibulia liko chini ya huyu mzee."

"Mgeni wangu ni mgonjwa," Mama Bwire alisema. "Hasogezwi."

"Anaumwa nini?"

"Malaria," alisema yeye.

"Tumbo," nilisema mimi, wakati huo huo.

"Malaria ya tumbo," Mama Bwire alisema bila kupepesa macho.

Muturi alitoa kalamu, akaandika huku akisoma kwa sauti: "Chumba cha nyuma, sakafu haikukaguliwa. Shimo la majitaka halikuonekana. Mnunuzi achukulie kwamba limeharibika."

"Limeharibika! Umeliona wapi?"

"Sikuliona. Ndiyo sababu."

"Basi mimi natoka," alisema Teresiah, akining'iniza mkoba begani. "Sinunui choo cha mtaa mzima."

Huwa nasafiri nikiandika, na nimeona watu wakiuza nyumba katika miji mingi, na kosa ni hili hili. Muuzaji humchukua mkaguzi kama polisi: asichokiona hakipo. Kumbe ufa unaoonekana una urefu na upana, na fundi atautajia bei. Uliofichwa hauna kipimo, na mnunuzi huukadiria kwa hofu yake.

Mama Bwire aliliona hilo haraka kuliko nilivyoliandika.

"Wewe malaria, shuka."

Tukasukuma kitanda. Alikunja zulia, akaleta mtaimbo, akauchomeka kwenye ukingo wa mfuniko wa chuma. Mlio wake ulipenya ukutani, na mara moja kichwa cha jirani, Wahome, kikachomoza dirishani. Jiko lake limejengwa juu ya shimo la nne.

"Mama Bwire! Usifungue! Ukifungua lako umefungua yetu yote!"

"Juu ya yenu mlijenga wenyewe."

"Tulikuiga wewe! Si wewe ulianza?"

"Basi niigeni tena, mfungue."

"Mathe, unatuuza!"

"Nauza nyumba yangu. Nyinyi hamna bei."

Mfuniko ukainuka. Harufu ilimrudisha Teresiah hadi mlangoni. Muturi alipiga magoti, akamulika, akakaa hivyo muda mrefu. Maji yalikuwa yanakwenda bila kusita, na kuta za shimo zilikuwa zimepigwa lipu laini.

"Nani husafisha hapa?"

"Unaona mwingine?"

"Bomba ni zima," alisema, kama mtu anayeng'olewa jino. "Lakini chumba kiko juu ya mstari wa bomba. Askari wa jiji, hao kanjo, wakija watakibomoa, kwa hiyo kibomolewe kabla. Naandika hivyo."

Aliandika, na Teresiah akaanza kukata bei: ukuta wenye unyevu, kubomoa chumba, kodi ambayo hataipata. Mama Bwire alimwita mwizi wa mchana. Teresiah alimwita kinyonga. Walishikana mikono kwa bei iliyotosha shamba la Funyula, bila kubaki hata ya bati moja. Malipo ya kwanza yalifika kwa wakili wiki ya tatu, yakatumwa kwa Dishon, naye akamfukuza yule aliyetaka kununua shamba na kukubali kungoja yaliyobaki. Mimi nilihamishia godoro sebuleni, kwa kuwa chumba changu kilingoja kubomolewa. Teresiah alinitaka nimlindie nyumba hadi mafundi waanze.

Siku ya kuondoka hakuna jirani aliyekuja kushika hata kiti. Mimi na dereva wa pikapu tulipakia peke yetu. Wahome alisimama langoni kwake, mikono kifuani.

"Unaenda, sisi unatuachia kanjo."

Mama Bwire alikuwa ameshaweka mguu mmoja garini. Aliurudisha chini.

"Miaka ishirini, baba, uchafu wa nyumba zote hizi umepita chini ya kitanda changu. Kila kabla ya masika nimeingia humo na ndoo. Lako likiziba, ni mimi. La kule mwisho likiziba, ni mimi. Siku moja ulinishikia tochi?"

Wahome aliishusha mikono yake.

"Nilifikiri nyinyi ni majirani," alisema Mama Bwire. "Kumbe nilikuwa mfereji."

Akapanda, akaubamiza mlango. Hakunipungia mkono, hakumpungia yeyote. Pikapu ikayumba kwenye mashimo ya njia, ikakata kona ya duka, ikapotea.

Nilikuwa nafunga lango Wahome aliponijia, sauti ameiteremsha.

"Na wewe," aliniuliza, "unajua kuzibua?"