Kiwanja Chenye Kaburi

Mto wetu ni mdogo. Kiangazi unauruka huku umebeba ndoo kichwani. Unatoka kwenye vilima vya mawe, unapita nyuma ya viwanda vya Nyakato ukizoa kila uchafu, ndipo unafika kwetu. Zamani ukifika hapa ulikuwa kama umepotea: unaingia kwenye kinamasi, unajisambaza chini ya mafunjo, unatokea ziwani taratibu. Hata masika yachachamae vipi, yale mafunjo yaliyanywa maji yote.

Baba alijua watu wanavyovimezea mate viwanja vya huku. Akatuagiza, akifa, tumzike pale pale ukingoni, kwenye mpaka. "Kiwanja chenye kaburi hakiuzwi," alisema, "hata njaa iwabane." Tukamzika hapo. Jirani wa ng'ambo alikuja msibani, akala wali wetu, akatupa udongo kaburini kwa mkono wake.

Huyo huyo, jamani! Haukupita muda akaleta malori. Kifusi juu ya kifusi, mafunjo yote yakafukiwa, akajenga ukumbi wa harusi. Nikamfuata, nikamuuliza maji yapite wapi. Akacheka. "Usijali, maji hufuata mkondo."

Mkondo upi, na yeye ndiye kaufukia? Mshenzi mkubwa.

Maji yakaja kwetu. Kila masika mto ulimega ukingo, unasogelea kaburi. Tulipanga magunia ya mchanga, ukayabeba. Viongozi wa mtaa walikuja, wakatazama, wakasema poleni. Mvua za mwisho msalaba wa baba ukainamia maji, na mama akakosa usingizi kabisa. Ikabidi tumfukue. Sisi watoto wake, kwa majembe yetu. Tulichokiona sikisimulii. Tukampeleka makaburi ya mjini, akalazwa katikati ya watu asiowajua, na mama njia nzima alikuwa anamwomba radhi.

Wiki haijaisha, jirani huyo mlangoni, kavaa shati jipya la kitenge.

"Shikamoo mama."

Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuitika. Jirani akajikaribisha mwenyewe, akakaa, akatoa pole ndefu yenye Mungu ndani yake. Kisha akasogeza kiti.

"Sasa mama, maadamu kaburi limeshaondoka, kiwanja si tunaweza kuzungumza?"

Niliinuka nimpige, Mungu anisamehe, na hata leo najuta sikumpiga. Mama alinishika mkono. Akaweka ungo chini, akatembea hadi katikati ya uwanja, mbali na mto, mbele ya mlango wetu, akachora mstari mrefu mchangani kwa kisigino.

"Mimi mtanizika hapa," aliniambia. "Miguu ielekee ukumbini."

Halafu akamgeukia jirani, ambaye sasa alikuwa amesimama.

"Marahaba," akamwambia.