Jozi tatu, maiti watatu

Kandambili za mdogo wangu zilikuwa kifuani mwangu, chini ya shati, wakati mwenye shimo alipohesabu maiti na kusema kazi imeisha.

Tulimwita PDG, kama wanavyoitwa wenye mashimo wote kule kwenye dhahabu ya Salamabila. Alisimama na fimbo, buti zake za mpira hazina hata tope. Mbele yake, mlangoni mwa shimo, zimebaki jozi tatu za kandambili. Nyuma yake maiti watatu chini ya turubai. Akagusa jozi ya kwanza kwa fimbo, ya pili, ya tatu.

"Jozi tatu, watu watatu," akasema. "Rudisheni udongo."

Mi nilikuwa nimelazwa pembeni, nyonga imevunjika. Nikamwambia mdogo wangu angali ndani.

"Kandambili yake iko wapi?"

Nikazitoa kifuani. Nyekundu, moja mkanda wake umeshonwa kwa waya. PDG akaziangalia, akaniangalia.

"Papa, kandambili yenye haiko mlangoni ni ya mutu aliyetoka. We unajua sheria."

Mutu mmoja akacheka. Kicheko kile sikisahau, kwa sababu kilitoka kwa konduktere wetu, mkubwa wa ekipe, kundi letu la wachimbaji, yule yule aliyemshusha mdogo wangu asubuhi ile.

Asiyefika kwenye machimbo ataniona mjinga, basi nieleze. Ndani ya shimo tunashuka kwa miti iliyofungwa kama ngazi, na miti ile inateleza, kwa hiyo kila mutu anashuka miguu mitupu. Kandambili unaiacha mlangoni. Ukipanda unavaa yako. Jioni konduktere anaangalia chini: kama mlango uko mtupu, watu wote wametoka. Hakuna daftari, hakuna kadi, hakuna anayeuliza jina la baba yako. Wenyewe tuliona ni utaratibu mzuri. Tulikuwa tukiwacheka wageni wanaoficha viatu vyao kwa kuogopa wezi.

Kukosekana kwa daftari kulikuwa na sababu yake. Kwenye karatasi za Serikali shimo letu lilikuwa limefungwa zamani, kwa kuwa ni hatari. Ajenti wa Serikali aliyepaswa kuhakikisha halina mutu alikuja kila juma. Alikalishwa kwenye kiti cha PDG, akala kuku, akaondoka na mfuko wa mawe ya dhahabu nyuma ya pikipiki. Mfuko ule sisi ndio tuliupandisha juu kwa migongo yetu. Tulimlipa asituone.

Mimi nilisoma mpaka mwaka wa tano wa primeri, hapa Kasongo, nikafukuzwa kwa kukosa pesa ya shule. Nikasukuma baiskeli za mpunga za watu. Halafu nikawa mlinzi wa duka la mfanyabiashara mmoja, miaka kumi na moja. Alipokufa, wanawe waliniambia hawanijui. Walinikuta mlangoni mwao tangu wakivaa kaptula, walinituma maji na sabuni, lakini karatasi yenye jina langu haikuwepo, na mimi sikuwahi kuiomba. Nilidhani kuomba karatasi ni kumtukana tajiri wako. Ndiyo nikaenda Salamabila na ahadi moja: nikipata, nitarudi.

Mdogo wangu alibaki akilima mpunga na karanga na mke wake. Mimi ndiye niliyemwita. Nilimtumia neno kwa dereva wa pikipiki: njoo, huku hawaulizi karatasi. Nilisema hivyo kama jambo zuri.

Siku tatu kabla ya shimo kuanguka, yeye ndiye aliyesikia. Tulikuwa chini kabisa, akaweka kiganja kwenye nguzo.

"Yaya, miti inalia," akaniambia mimi kaka yake.

Tulipanda tukamwambia konduktere. Konduktere akamwambia PDG. PDG akasema hanunui miti mingine, tung'oe nguzo za njia ya zamani tuzilete kwenye njia mpya. Hata mutoto anajua maana ya kung'oa nguzo chini ya mlima. Mdogo wangu alikataa kushuka. Konduktere akamchokoza mbele ya watu wote.

"Unaogopa, bwana harusi? Rudi Kasongo ukapalilie na shemeji."

"Mpunga haumuangukii mutu kichwani," mdogo wangu akajibu, na watu wakacheka upande wake.

"Basi wenye kuogopa wasirudi hapa kesho. Watu wa kushuka ni wengi kuliko mashimo."

Kesho yake alirudi. Nguzo ziling'olewa. Siku ya tatu, nilikuwa katikati ya ngazi na mfuko mgongoni, yeye chini na wenzake watatu, nikasikia upepo ukipanda kutoka ndani. Upepo tu, kwanza. Halafu mlima ukakaa.

Mimi nilifukiwa mpaka kiunoni, wakanivuta. Wakanilaza mlangoni, wakanivisha kandambili zangu, watu wakikimbia, wakikanyaga, wakipiga kelele. Nikaona kandambili za mdogo wangu zinapigwa mateke. Pale mlangoni kuna mawe yaliyopasuliwa, yanakata kama chupa. Nikawaza: atatoka amechoka, atatembea na nini? Nikazivuta, nikaziweka kifuani.

Hilo ndilo kosa langu, na nalisema kabla adui hajalisema. Lakini konduktere alimshusha kwa mdomo wake mwenyewe. Wachimbaji wengine walimwona. Walitazama chini, kwa sababu kesho walitaka kushuka tena. Udongo ukarudishwa mchana kweupe.

Ajenti alikuja siku ya pili yake, naye akaandika. Siku ile kalamu ilipatikana. Aliandika kwamba shimo limefungwa, halina wafanyakazi, na waliokufa ni wezi watatu walioingia kuiba mawe. Nilipofikishwa kwenye biro ya Serikali kule Kabambare, nimebebwa kama mfuko, nikaomba karatasi ya kifo cha mdogo wangu. Waliniuliza alikuwa akifanya kazi wapi. Nikataja shimo. Wakaniambia shimo hilo halifanyi kazi, kwa hiyo hawezi kufia humo.

Hapa Kasongo mke wake alitaka kukaa eda. Shehe, mutu mpole, akauliza: nani ameona maiti? Hakuna. Wakwe wakasema mwanamume yule amepata bibi mwingine kwenye dhahabu, na kaka mutu anamfichia siri kwa hadithi ya viatu. Mpaka leo shemeji yangu si mke, si mjane. Mama yetu anaweka sahani yake.

Konduktere sasa ana duka la mafuta na chumvi hapa hapa sokoni. Tulikutana, nikiwa na fimbo yangu.

"Papa, ile mambo tuiache. Mungu ndiye alichukua."

"Mungu hakung'oa nguzo," nikamwambia. "Sema mbele ya shehe kama ulimshusha."

"Nikisema, PDG ataniacha na hili duka?"

Kumbe anajua jibu. Anakaa juu yake akiuza chumvi.

Na wewe PDG, nyumba yako iko hapa, najua rangi ya milango. Mchele ulionitumia niliurudisha. Ajenti wako mlete pia, na kalamu yake. Mfungue shimo lile tumtoe mutu wetu, tumwoshe, tumswalie. Kama hutaki, njoo kwa mama yetu, uvue buti zako mlangoni kama sisi tulivyovua, useme mbele ya mke wake kwamba alishuka kwenye shimo lako, kwa kazi yako, na ukaamuru afukiwe bila kumtafuta.

Kandambili ninazo. Ulisema alitoka. Basi nijibu, mbele ya watu: alikwenda wapi juu ya mawe yale, miguu mitupu?